Kulipunguza Gari la Baba

Mwaka niliorudi nyumbani Busia, baada ya ndoa yangu ya Kisumu kuvunjika, nilimkuta baba hawezi kukaa kitako. Tangu ujana wake alikuwa msafirishaji: samaki kutoka Port Victoria, chumvi na sabuni kwenda Kampala, mara nyingine mahindi wakati wa kurudi. Sasa alikuwa ameuza lori lake la mwisho. Alienda msikitini alfajiri, akirudi anaanza kuzunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akilazimishwa kukaa, goti lilitikisika mpaka vikombe vikalia mezani.

"Mzee, unanitia kizunguzungu," mama alimwambia.

Basi alitoka getini, akasimama kutazama malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka. Alizungumza na madereva, akanusa tena harufu ya dizeli, akarudi amekasirika zaidi.

Mimi sikuwa na nafuu. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nilienda sokoni kununua vitunguu, nikarudi na kamba ya kuanikia nguo. Wanawake wa mtaani waliniuliza kwa upole, "Umekuja kutembea, ama umekuja kabisa?" Nikawajibu kwamba bado naangalia, kisha nikatembea haraka, ingawa sikuwa na pa kwenda.

Chini ya kibanda cha mabati, pembeni mwa ua, palikuwa na gari kubwa la Kiingereza, rangi ya maziwa. Baba alilinunua zamani kwa meneja wa kiwanda aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Enzi zake mji wote ulilijua. Lilikuwa na viti vya ngozi, zulia ambalo mtu alivua viatu kabla ya kulikanyaga, mbao iliyong'arishwa mbele ya dereva, na mashine ya kupuliza baridi. Watu wa dini zote walikuja kuliazima kubebea maharusi. Lakini lilikunywa petroli kuliko lori, na malori yalipoisha, nalo likalala.

Asubuhi moja nikasikia chuma kikigongana kibandani. Nilimkuta baba amepiga magoti, mlango wa dereva uko wazi, ngozi ya ndani ya mlango imeng'olewa na kuegemezwa ukutani.

"Baba, imeharibika?"

"Haijaharibika. Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Vitu," alisema, akatupa skrubu kwenye mkebe.

Nikavuta maneno kidogo kidogo. Madereva wa Malaba walikuwa wamemwambia kwamba klabu moja ya mbio za magari kutoka upande wa Eldoret ingekuja Januari, ardhi ikikauka, kufanya mashindano kwenye shamba kubwa lisilolimwa nje ya Amukura. Wangezungusha njia ya vumbi yenye kona, na mtu yeyote mwenye gari zima angeruhusiwa kushindana. Tangu akiwa kijana baba alikuwa akisimama kando ya barabara kutazama magari ya mashindano yakipita, na kila mara, aliniambia, alikuwa akiwaza: mimi hapo ningefanya hivi.

"Injini iko," alisema. "Nguvu iko. Hii gari inazuiwa na starehe tu. Tukiitoa starehe, itaruka."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliutazama ule mlango. Kisha akasema, "Gari lililombeba mwanangu siku ya harusi yake, leo unalivua nguo uani, majirani wakiona?"

Kwa kweli sikuwa nimelikumbuka hilo mpaka mama alipolitamka. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, hina bado ikinukia mikononi, shangazi wawili wamenibana huku na huku. Niliangalia kile kiti. Halafu nikachukua spana kwenye sanduku la baba, nikaingia, nikaanza kufungua bolti zake. Moja ilikuwa na kutu na ikanichuna ngozi ya vidole, lakini sikuacha mpaka kiti kikatoka. Mama alinitazama muda mrefu. Kisha akarudi jikoni.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa wawili. Tulitoa viti vyote isipokuwa cha dereva. Tulitoa zulia, redio, mashine ya baridi, tairi la akiba pamoja na chuma chake, vioo vya nyuma, na ile mbao ya kung'aa. Chini ya zulia tulikuta tabaka la kitu cheusi kama lami, kilichowekwa ili mabwana waliomo wasisikie kelele za barabara. Hicho ndicho kilichotutesa. Tulikibandua kwa patasi na nyundo, jua likiwa kali, kikitoka vipande vidogo vidogo. Nililala na kelele ya nyundo kichwani na kuamka nikiitamani. Sikuwa nimefanya kazi kwa hamu namna ile tangu niolewe, na sikutaka mtu aniulize kwa nini.

Viti vya ngozi tuliviweka barazani. Mama aliapa havitaingia nyumbani mwake. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kwenye kimoja, ameegemea, anachambua mchele. Aliponiona aliinuka kama aliyefumaniwa.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyevuka kutoka upande wa Uganda kila asubuhi, mtu mrefu mwenye kovu la moto shingoni. Baba alimwita akate milango ya nyuma na kuweka mabati mepesi mahali pake. Aliponisikia nikiuliza habari ya usalama, aliniita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, klabu hawatakubali bila kizimba." Alitaka kutengeneza fremu ya mabomba mazito ndani ya gari, ili likipinduka lisimponde dereva.

Baba aliruka. "Tumetoa chuma mwezi mzima, leo unataka kurudisha chuma?"

"Mzee, kichwa chako pia kina uzito wake. Tukitoe?"

Nilicheka. Baba hakucheka. Wakabishana hadi mimi nikasema kwamba bila kizimba sitagusa tena ile gari. Baba akazira kutwa nzima, akazunguka ua, akaenda getini, akarudi, na jioni akasema mabomba yawekwe, ila yeye atatafuta mahali pengine pa kufidia uzito huo.

Akapata mahali. Alitoa pampu ya pawa, ile inayosaidia kulainisha usukani, na mabomba yake yote. Fundi alimwonya kwamba usukani utakuwa mgumu, hasa kwa matairi mapana kama yale.

"Mimi nimeendesha malori kabla wewe hujazaliwa," baba alimjibu. "Usukani wake ulikuwa kama jiwe la kusagia. Toa."

Tulilipeleka kwenye mizani ya ghala moja la mahindi. Karani alitoka kulitazama, akalizunguka, akauliza, "Boss, nani amewaibia?" Mizani ilionyesha tumepunguza karibu robo ya uzito wake wote. Baba alikitazama kile kipimo kama mtu anayetazama mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha papo hapo akaanza kukagua boneti akitafuta kingine cha kutoa.

Siku chache kabla ya mashindano tulilijaribu barabara ya kwenda Alupe, pahali palipokuwa pametulia. Nilisimama kando. Baba alienda mbali, akageuza, akarudi kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa gari lile. Halikuwa tena linapita taratibu kama bwana harusi. Lilipiga kelele, lilitetemeka, mawe yaligonga tumbo lake kama mvua ya mawe juu ya bati. Alipofika kwangu alikuwa na machozi, na alisema ni vumbi.

Barabara ile, sasa naona, ilikuwa imenyooka.

Siku ya mashindano mama alikuja nasi Amukura kwa pikapu ya jirani, na chupa ya chai na chapati kwenye kikapu. Alisema amekuja tu kuona watu wanavyojiua. Umati ulikuwa mkubwa. Watu walikuwa wamekuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya mbali, wengine walipanda juu ya kichuguu ili waone vizuri. Magari mengi yalikuwa madogo, ya Kijapani, yamefungwa milango kwa waya. Letu lilipoingia, refu, limekonda, watu walipiga mbinja. Mzee mmoja wa Kiteso alimuuliza baba kama gari lilikuwa na ugonjwa.

Kwanza kila dereva aliruhusiwa kuzunguka peke yake ili aijue njia. Baba alivaa helmeti ya kuazima, akafunga mkanda, akaondoka. Kona ya kwanza alipita vizuri. Ya pili alienda nje sana, vumbi likamfunika. Alipotokea alikuwa anakwenda polepole. Ya tatu hakuikata kabisa. Gari lilisimama katikati ya njia, injini inanguruma, pua inaelekea kwenye nyasi.

Nilikimbia. Nilidhani ni moyo. Nilipofika dirishani alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na mikono yote inatetemeka hadi mabegani.

"Baba!"

"Haigeuki," alisema. "Mkono umekataa."

"Tukuitie mtu? Daktari yupo pale."

"Sina ugonjwa." Alifungua mkanda. Ilimchukua muda, vidole havikumtii. Alitoka kwa kupitia dirishani kwa sababu mlango tulikuwa tumeuchomelea, nami nikamshika kiunoni kama mtoto. Aliponyooka hakunitazama. Alinipa helmeti.

"Ingia wewe."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine aliyeifungua? Ingia, watu wanangoja."

Msimamizi wa klabu alikuja mbio na bendera yake. "Mama, una leseni?"

Nilikuwa nayo. Nilijifunza kwenye pikapu ya baba nikiwa msichana, na Kisumu mume wangu hakupenda niendeshe, kwa hiyo niliiweka kwenye mkoba miaka yote ile. Msimamizi aliitazama, akanitazama na leso yangu, akainua mabega. Nilijifunga leso kichwani vizuri, nikavaa helmeti juu yake, nikaingia.

Usukani ulikuwa mgumu kweli. Lakini mimi nilikuwa nimepiga patasi wiki nyingi, na mikono yangu ilikuwa mingine. Nilijifunza haraka kwamba lazima uanze kugeuza mapema, kabla ya kona, kwa bega na mgongo, kisha ukanyage mafuta ili mkia ukusaidie. Tulipopangwa wanne na bendera ikashuka, nilipiga kelele ndani ya helmeti, sijui maneno gani. Kwenye mnyooko tuliyaacha yale madogo kama yamesimama. Kwenye kona yalinipita kama panya. Nikayapita tena, yakanipita tena. Mzunguko wa mwisho nilikanyaga breki nikaserereka hadi nyuma ikawa mbele, nikaona umati wote unanitazama kupitia mahali palipokuwa na kioo, nikageuza, nikaendelea.

Sikushinda. Sikuwa wa mwisho pia. Mmoja alipasua radieta. Nilipotoka nilitaka kurudi ndani saa ileile.

Mama alinikumbatia, akanipiga mgongoni kwa ngumi, akanipa chai. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya tairi la mbele, anagusagusa mpira.

Wakati wa kurudi mama alipanda pikapu ya jirani. Baba alikataa. Gari letu halikuwa na kiti cha pili, kwa hiyo aliketi juu ya bati tupu, miguu mbele, ameshika bomba la kizimba. Kioo cha mbele nacho tulikuwa tumekitoa. Wadudu walitupiga usoni. Njiani niliogopa kwamba nimemchukulia kitu chake cha mwisho.

Kisha akapaza sauti ili nimsikie. "Kona ya pili umekanyaga breki mapema!"

"Niliogopa!"

Tukapita ng'ombe barabarani. Baadaye akasema, sasa kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi nipunguze mwendo, "Mkono haukukataa sana. Usukani ungeweza kugeuka. Niliona ile kona inakuja, nikajiona nimekaa humu ndani, mzee mzima, na nikaogopa."

Baba yangu aliwahi kukaa siku nzima juu ya bodi ya lori lililozama kwenye mafuriko ya Rukala, maji yakipita chini yake, akisimulia watu vichekesho. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wake kwenye lile bomba. Akauacha hapo kidogo, kisha akautoa.

"Shika usukani," alisema. "Hiyo si gari ya mkono mmoja."

Nililiendesha mashindanoni mara mbili zaidi, Kitale na Kisumu. Baba hakuingia tena kwenye kiti cha dereva, lakini kila mara nilipomwambia limetosha, nilimkuta chini yake anapunguza kitu. Mwisho giaboksi ilivunjika tukiwa njiani kurudi, na yule fundi wa Uganda akaichukua injini. Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi ya kuendesha pikapu ya samaki, Port Victoria hadi Busia, na mchana sikuonekana nyumbani.

Shangazi mmoja, katika wale walionibana siku ya harusi, alikuja kutoka Mumias kuulizia habari yangu. Aliuliza kama nimepata mtu mwingine. Mama alimmiminia chai, akafikiri.

"Mimi niliozesha binti," alisema, "nikarudishiwa dereva."

Nilikuwa mlangoni, funguo mkononi, barafu ya samaki inayeyuka nje kwenye pikapu. Sikukaa kusikia shangazi alijibu nini.