Msomaji wa Mahaba na Kitabu cha Kutisha

Wendell Hrycak ameendesha gari la kusukuma theluji katika mji wetu tangu akiwa na nywele nyingi hadi sasa amebaki na kofia. Tufani ambayo wengine hawathubutu kuitolea pua mlangoni, yeye huingia nayo barabarani akipiga mluzi. Asiyemjua angemwita shujaa. Sisi tunaomjua tunajua kwamba Wendell ni mwoga, na kwamba woga wake uko kwenye vitabu.

Alikuwa msomaji hodari, lakini wa kitu kimoja tu: riwaya za mahaba. Marehemu mama yake alimwachia kasha zima, akaanza kuzisoma ndani ya gari akingojea theluji ianguke, na tangu hapo hakuangalia pembeni. Alizifunika kwa magazeti ili madereva wenzake wasione picha za jalada. Alijisumbua bure. Mji mzima ulijua, na pale mgahawani kwenye uwanja wa michezo ya barafuni walimwita Bwana Harusi. Kilichotuchekesha zaidi ni namna yake ya kusoma. Kabla hajaanza kitabu, alifungua kwanza ukurasa wa mwisho. Akiwakuta wale wawili wako pamoja, wazima, alirudi mwanzo akasoma kwa raha zake. Akikuta kaburi, au treni imeondoka na mmoja wao, alikifunga hapohapo na kukirudisha maktaba kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha.

"Sasa utamu uko wapi kama mwisho unaujua?" Bi Odile wa maktaba alimuuliza siku moja.

"Utamu ndio huo, Bi Odile. Nasafiri nikijua nitafika."

Mkewe, Arlene, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke wa mikono minene na kicheko cha kusikika hadi barabarani, na tangu akiwa msichana wa shule alisoma riwaya za kutisha: majumba yenye mizimu, vitu vinavyotambaa, watu waliozikwa wakarudi. Kitabu chake kikiwa kando ya kitanda, Wendell alikigeuza kifudifudi, maana hakupata usingizi huku ile sura ya jaladani ikimkodolea macho. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vya mkewe.

Januari ile Arlene alipasuliwa tumbo. Walimtoa uvimbe kwenye utumbo, wakaupeleka maabara, na daktari akasema angepiga simu majibu yakitoka. Arlene alirudi nyumbani na mshono mrefu na vidonge vya maumivu vilivyofanya herufi zimchezee machoni. Kusoma hakuweza tena. Ndipo alipomtuma mumewe maktaba.

"Niletee kitabu cha kutisha, halafu unisomee."

"Mimi?"

"Humu ndani kuna mwingine? Paka hajaenda shule."

"Basi nikusomee kimoja changu, mpenzi. Kuna kimoja kizuri mno, cha yule daktari wa mifugo na mjane..."

"Wewe mzee! Nikisikia tena habari za huyo daktari wa mifugo, mshono utafumuka wenyewe. Nimesema cha kutisha."

Bi Odile alimkabidhi kitabu kinene cheusi huku akijiuma midomo asicheke. Wendell hakufika nacho hata nyumbani. Palepale ndani ya gari alifungua ukurasa wa mwisho. Kwa maelezo ya jalada la nyuma, kilikuwa kisa cha mwanamke aitwaye Maud, anayeishi peke yake kando ya ziwa, na kila alasiri kitu kinabisha mlango wa stoo iliyo chini ya nyumba, kikibisha kutoka ndani. Pale mwisho Maud anafungua mlango ule na kushuka ngazi. Jikoni inabaki birika ikichemka mpaka maji yanakauka. Basi, hakuna zaidi.

Alikaa ndani ya gari hadi vioo vikaingia ukungu. Akili yake ilikuwa imeshikwa na jambo moja, nalo halikutaka kumwachia: Maud akishuka, Arlene naye atashuka. Alijua ni upuuzi. Alijiambia hivyo kwa sauti, peke yake, mle garini. Lakini kujua hakukumsaidia kitu. Akawasha injini, akaenda nacho nyumbani.

Wakaanza. Alasiri, akitoka kazini, Wendell alivuta kiti karibu na kochi ambalo Arlene alilala chini ya blanketi, akasoma. Nje theluji iling'aa mpaka macho yanauma, na mchana mweupe namna ile alitetemeka kama mtu aliye gizani. Tanuri la kupashia nyumba joto lilipolia huko chini, aliruka akaangusha kitabu.

"Soma polepole," Arlene akamwambia. "Unasoma kama unafukuzwa."

"Si nafukuzwa kweli!"

"Na nani?"

Akageuza ukurasa. Alichokiogopa zaidi kilikuwa simu ya jikoni. Kila ilipolia, aliiacha iite mara tatu kwanza. Alipopokea, alikuta ni jirani anayeuliza kama supu ya bitiruti aliyowaletea imekwisha, awaletee nyingine. Siku zikapita, daktari kimya. Wendell akaanza kuupenda ule ukimya. Maadamu hakuna jibu, mkewe yupo, blanketi liko pale, na Maud bado hajagusa kitasa.

Kilichomshangaza ni kwamba alimpenda yule Maud. Katika vitabu vyake vya mahaba, mtu akiogopa hutokea mwingine wa kumkumbatia kabla ya sura kwisha. Maud hakuwa na wa kumkumbatia. Alisikia kile kitu kikibisha, akaogopa, kisha akaenda kuosha vyombo kwa sababu vyombo vilikuwa vichafu. Kuna siku Wendell alijikuta akimfikiria barabarani, theluji ikiruka pande zote za gari, akajiuliza angepataje ujasiri wa kuosha sahani moja tu katika nyumba ile.

Kurasa zilipozidi kupungua, akaanza visingizio. Mara koo linamwasha, mara anakwenda kusafisha njia ya gari aliyokwisha kuisafisha asubuhi. Arlene alimtazama tu. Hatimaye, Ijumaa, visingizio vikamwishia. Maud alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo.

"'Maud akanyoosha mkono, akashika kitasa,'" Wendell akasoma. Kisha akageuza ukurasa. "'Hapo... hapo ukabishwa mlango wa mbele. Maud akakimbia kufungua. Alikuwa mwanamume mrefu, wa mabega mapana. Samahani, bibie, akasema, mimi ni daktari wa mifugo. Gari langu limekwama kwenye theluji...'"

Kochi likaanza kutikisika. Arlene alikuwa akicheka, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Wendell... oh, mshono wangu... Wendell, hapo ziwani ni kiangazi! Jana umenisomea Maud anaanika nguo juani. Hiyo theluji umeitoa wapi?"

Wendell naye alicheka kidogo, kwa aibu. Lakini kicheko cha Arlene hakikuishia mahali pa kawaida. Kiligeuka kilio, na Wendell akabaki ameshika kitabu bila kujua akiweke wapi.

"Mwisho ulikwisha kuusoma," Arlene akasema baada ya kupangusa uso.

"Ndiyo."

"Anashuka, sivyo?"

"Anashuka."

"Nilijua tangu sura ya pili. Wewe unadhani nasoma vitabu hivi ili niambiwe nyuma ya mlango hakuna kitu? Kitu kipo, mume wangu. Kipo siku zote. Nasoma ili nisiufikie mlango peke yangu." Akavuta pumzi. "Daktari alipiga simu Jumanne. Ulikuwa nje unasukuma theluji."

Wendell akahesabu siku kwa vidole. "Leo Ijumaa."

"Najua leo ni Ijumaa."

"Siku zote hizo, Arlene! Umekaa nalo siku zote hizo, mimi nipo hapahapa! Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu nakujua. Kitabu kikiwa na mwisho mbaya, wewe unakirudisha. Nikajiuliza, mimi je, huyu atanirudisha wapi?" Alisema kwa mzaha, ila hakucheka.

Maneno yale yalimchoma Wendell kuliko lolote aliloambiwa maishani, kwa sababu yalikuwa kweli. Hata sasa alitaka kukimbia. Funguo za gari zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na mwili wake wote ulitaka kuziendea, aingie barabarani, asukume theluji hadi wilaya ya pili, arudi akute hakuna aliyesema neno. Arlene alimwona anavyozitazama. Hakumwita, wala hakumlaumu. Alingoja, na katika kungoja kule macho yake yalikuwa na hofu ambayo mumewe hakuwahi kuiona kwake, si harusini, si hospitalini, si popote.

Wendell akarudi nyuma ukurasa mmoja.

"'Maud akanyoosha mkono, akashika kitasa,'" akaanza tena. Safari hii alisoma kilichoandikwa. Sauti ilimkatika mara mbili, na kila mara alirudi mwanzo wa sentensi. Mlango ukafunguka. Harufu ya udongo ikapanda. Maud akashuka ngazi, taratibu, bila kugeuka, na jikoni birika ikachemka mpaka maji yakakauka. Alisoma hadi nukta ya mwisho, akakifunga kitabu, akakiweka sakafuni. Alikuwa ametota jasho kama mtu aliyebeba magunia.

"Haya," akasema. "Daktari alisemaje?"

"Ni saratani. Tena imekwisha fika kwenye ini."

Tanuri likalia kule chini. Hakuruka.

"Naogopa, Arlene."

"Hata mimi naogopa. Ninaogopa sana."

"Aliendelea kusema nini?"

"Ni maneno mengi, na mengine mabaya. Unataka yote?"

"Yote."

Akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kochi, akaushika mkono wa mkewe. Arlene akaanza kumweleza, polepole, akikwama hapa na pale, na Wendell akamsikiliza mpaka alipomaliza.