Upanga Butu

Juzi binti yangu alikuwa akicheza mchezo kwenye simu, akainua kichwa akaniuliza kwa nini tabibu wake hapewi upanga, ilhali wenzake wote wanao. Nilimjibu kwamba ndivyo mchezo ulivyotungwa. Akarudi kwenye simu yake, mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, moyo umenirudisha Malindi, ukumbini kwa bibi yangu nyuma ya soko, nikiwa na miaka kumi na mmoja na kiburi kisicho na kipimo.

Mchezo wetu, msomaji wangu, haukuwa wa simu. Ulikuwa kitabu. Mjomba aliyekuwa akitandika vitanda hotelini alikiokota chumbani baada ya mgeni kuondoka, jalada limeng'oka, akaniletea mimi kwa sababu shuleni nilisifiwa Kiingereza. Ndani mlikuwa na mapango, majoka na watu wa kila kazi. Kila mchezaji alichagua mtu wake, akamwandika daftarini, kisha tukarusha dadu za ludo kujua nani kaumia na nani kapona. Mwenye kitabu ndiye aliyekuwa hakimu, ingawa naye alikuwa na shujaa wake. Hakimu huyo ni mimi.

Tulicheza wanne: mimi, kaka zangu wawili, na msichana wa nyumba ya pili, rika langu na rafiki yangu tangu chekechea. Kazi za bibi ziishe kwanza. Tulichambua mchele, tukakuna nazi kwa zamu, ndipo tukakaa mkekani na sahani ya kachri za muhogo zenye pilipili na ndimu, vidole vikiacha madoa mekundu kila ukurasa. Bibi akipita hutuuliza kama twauana tena leo. Ndiyo maana yule mtu wa dini kitabuni, anayeponya watu kwa dua, hatukuthubutu kumwita shehe. Bibi angesikia kwamba shehe kaliwa na joka, kitabu kingeishia jikoni kuwashia moto. Tukamwita tabibu.

Hakuna aliyetaka kuwa tabibu. Kitabu kilimkataza kila chenye makali, upanga, kisu, hata shoka. Wenzake wakikata vichwa, yeye azunguke na rungu lake akifunga vidonda. Kazi hiyo tulimtwika jirani, na siwezi kusema aliichagua. Aliikubali tu, kama alivyokubali mambo yangu mengi. Jumamosi baada ya Jumamosi alituponya, nasi hatukumwambia ahsante hata mara moja.

Kisha baba yake, dereva wa malori, akapata nyumba Mariakani, ikawa wanahama. Jumamosi ya mwisho jirani aliniomba jambo moja. Alitaka tulimalize pango tulilokuwamo na tutoke salama, ili akija likizo tuwakute watu wetu wako hai, tuendelee pale pale. Nilimkubalia.

Dadu zilitugomea. Kaka zangu walianguka, kisha shujaa wangu naye akaanguka, damu inamtoka, upanga wake kando. Akabaki tabibu peke yake, rungu limevunjika, na joka limebakiza pigo moja lifie mbali. Akasema anaokota upanga wangu. Nikamkatalia. Kitabu kilimruhusu tabibu silaha butu tu, na maana hiyo ya neno la Kiingereza tulikuwa tumeitafuta wenyewe kwenye kamusi.

Alifikiri kidogo. "Basi upanga huu ni butu," akasema. "Ushapigana mapango matatu na hujaunoa hata siku moja. Haukati tena."

Kaka zangu wakacheka, wakasema kweli. Na ilikuwa kweli. Bibi kila siku akilalamika kwamba kisu chake ni butu, hakikati hata nyanya, na hakuna aliyemwambia si kisu tena. Lakini niliyezoea kumwamrisha alikuwa amenishinda kwa neno moja, mbele ya watu, na hilo liliniuma kuliko kufa.

"Sheria ni sheria," nikamwambia. "Huna silaha. Rusha."

"Lakini anayekufa ni wewe. Mimi nataka kukuokoa."

Nikamsukumia dadu. Akarusha, akapata moja, tukafa wote. Alifunga daftari, akamuaga bibi kwa adabu zake zote, akapita mbele yangu akaenda zake. Jumatatu lori lilipopakia vyombo vyao nilichungulia dirishani, sikutoka. Likizo hakuja, wala mimi sikumwandikia. Najuta mpaka leo.

Ukumbi ule sasa ni duka la simu, sakafu imepigwa marumaru. Kitabu kililiwa na mchwa. Kaka zangu nao ni watu wazima, tukikutana twazungumza karo na viwanja.

Jirani nilimwona mara moja tu, kwenye hitima ya bibi. Nilimvuta jikoni nikamweleza yote, joka, rungu lililovunjika, upanga, nikamwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ule wa kumsikiliza mfiwa.

"Niwie radhi, dada," akasema. "Hayo siyakumbuki kabisa."

Kisha akaniuliza vikombe viko wapi, awapelekee wageni chai. Nikamwonyesha kabati.