Timu ya Barza Haikuwa na Bwana

Siku ya kwanza ya kazi ya monitere, yaani mwalimu wa mpira, nilipewa mpira uliopasuka na kuambiwa, "Monitere, kesho watoto wanacheza." Kama naweza, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nashona viatu sokoni Kasongo, na kwa wazee wetu, anayejua sindano ya ngozi ndiye anayejua kufundisha mpira. Haya, nikashona. Mipira ya wakati wa Wabelgiji ilikuwa ya ngozi, ndani yake kibofu cha kupulizwa kwa mdomo, na pale pa kupulizia panafungwa kwa kamba kama kiatu. Kamba ikibaki juu, mtoto akipiga kichwa anarudi kwa mama yake na damu usoni. Unaizamisha chini, unapaka mafuta ya mawese, unamwomba Mungu. Ninyi vijana wa leo mnapiga teke tu, hamjui kitu.

Timu ilizaliwa barzani, pale wazee walipokaa jioni kuzungumza. Mzee Sefu, mwalimu wa Kurani, alitoa ngozi ya mbuzi wake. Katekista Leonardo alileta watu wa kufyeka uwanja. Ijumaa Wakristo waliwapikia watoto, Jumapili asubuhi Waislamu wakapika, wenzao wakiwa misani. Bwana wa timu alikuwa nani? Wote! Na hiyo ndiyo iliyonikondesha. Mama Zaina, muuza mchele, alikuwa akinifokea mbele ya watu: "Monitere, mutoto wangu iko golini tangu asubui, hata chai hajakunywa!"

Ngoja niwataje, nisipowataja sitatulia. Golini Amisi wa Mama Zaina, mfupi, lakini anaruka kama chura. Beki Petro, mtoto wa katekista, kapita, ndiye nahodha wa timu, mzito wa maneno. Beki mwenzake Kalume, anayecheka huku akiangusha watu. Mahafu, yaani wale wa katikati wanaokimbia mbele na nyuma bila kushukuriwa: Ramazani, Yohane na Musafiri. Mbele pacha Hasani na Huseni, niliowachanganya hadi mwisho, kisha Feruzi na Alfonsi. Winga ya kushoto Kitenge, ambaye alikimbia mpaka akausahau mpira nyuma.

Mimi kukaa siwezi. Hata sasa naandika nikiinuka inuka. Tulipokwenda kucheza Kabambare, juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye meno, mzungu mkuu wa kule alichoka nami. "Monitere, kaa! Unanizungusha macho." Nikamjibu, "Bwana, nikikaa wanafungwa." Alicheka, akaniacha nitembee. Tulishinda siku ile, na tulirudi tukiimba njia nzima.

Mzungu wetu wa Kasongo hakuwa wa kucheka. Tulimwita Bwana Teritware, yaani mtawala wa wilaya, na ndiyo kwanza alikuwa amefika. Alisema timu isiyo na bwana ni fujo, na kwamba uwanja lazima uwe na mwenyewe. Padiri wa misioni alikuwa tayari kuchukua waliobatizwa. Kampuni moja ya pamba ilitaka wale wakubwa wa mwili, wawe wafanyakazi wake, wapewe na viatu. Mimi niliahidiwa mshahara kampunini, tena na baiskeli. Jamani, ile baiskeli niliitaka! Niliota mpaka kengele yake.

Basi Bwana Teritware akaita watu wote uwanjani, wazazi pembeni, watoto katikati. Akaniambia mbele ya wote, "Monitere, taja majina. Kila mutoto, sema: misioni ao kampuni."

"Amisi," nikaanza.

Nikakwama hapo hapo. Muislamu, misioni hapana. Mfupi, kampuni hapana. Mtoto ananitazama anangoja, na mimi nimemfundisha kuruka kwa mikono yangu miwili.

"Amisi wapi?" Bwana akauliza.

"Sema, monitere!" Mama Zaina akapaza sauti. "Mutoto wangu anaenda wapi?"

Nikasema, "Bwana, Amisi iko golini."

"Sikukuuliza ile. Endelea."

"Petro," nikasema. Petro, padiri alimtaka na kampuni ilimtaka. Hakungoja nimalize. Aliokota mpira miguuni pangu, akamshika Amisi mkono, wakavuka mstari wakatoka. Kalume akafuata, na siku hiyo hakucheka. Wakatoka pacha, wakatoka mahafu, Kitenge akatoka mbio kama kawaida yake. Uwanja ukabaki mtupu, nimesimama katikati na Bwana Teritware.

"Wakitoka, hapa hawarudi!" akapiga kelele.

"Tumesikia, Bwana," Mzee Sefu akajibu kwa upole, akachukua fimbo yake, naye akatoka. Katekista Leonardo alimtazama padiri, akainamisha kichwa, akamfuata. Mimi nikawa wa mwisho. Nilitembea haraka sana, maana nilijua nikipunguza mwendo nitaifikiria baiskeli.

Uwanja kampuni ikauchukua kweli. Sisi tukahamia kwenye mchanga wa mto Lualaba, kiangazi maji yanapopungua. Kila mwaka mto ulituachia mchanga mahali pengine, tukaanza tena kutafuta na kupima. Masika hatukuwa na pa kucheza. Nilishona viatu vya watu nikiutazama mpira ukutani, miguu ikiniwasha. Na tulifungwa, aka! Mchanga unamfanya mtoto mzito, akienda kwenye ardhi ngumu hajui asimame wapi. Kuna timu zilitucheka waziwazi, nami niliumia, sitaficha.

Kazi niliiacha magoti yalipokataa. Wajukuu huniuliza, "Babu, mulipata kombe gani?" Kombe! Hatukupata hata moja. Lakini Amisi alikaa golini kwetu mpaka akaota ndevu.