Nilioanisha jeni za binadamu na za panya kwa kufuata majina tu, mama mmoja wa maabara Ifakara akaniokoa

Wakuu, habari za saa hizi. Hili limenikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Nilikuwa najitolea kwenye maabara moja hapa Ifakara. Degree ninayo, ajira sina.

Bosi akanipa list ya jeni za binadamu zinazohusiana na malaria kali. Kazi: kila jeni nitafute mwenzake kwa panya, na iko kromosomu ipi. Wao wangeagiza panya wa utafiti kwa kufuata list yangu.

Nikaimaliza siku mbili. Jina likifanana, naweka tiki. Nikamtumia bosi, nikajiona kichwa.

Kulikuwa na fundi wa maabara, tumwite Mama Zawadi. Alianza kazi kwa kulisha panya, mengine kajifunzia humo humo. Akaomba aione ile list.

Akaweka kidole kwenye jeni moja ya panya. "Huyu umempataje?"

"Jina linafanana, mama."

"Hapa Kibaoni akina Juma ni wangapi? Fungua kompyuta, tuone anaishi na nani."

Tukaangalia jeni zilizo jirani na mwenzake wa binadamu. Kwa panya, majirani wale wale wako kromosomu nyingine kabisa, si ile niliyoandika, na katikati yao kuna jeni yenye jina tofauti. Tukalinganisha mfuatano wa DNA pia. Mwenzake wa kweli ndiye huyo. Wangu alikuwa ndugu wa mbali tu.

Nilitokwa jasho. (Jasho la Ifakara mnalijua, ila lile halikuwa la joto.)

Order ya panya ilikuwa inaondoka kesho yake.

Nikamwomba anisaidie kumweleza bosi. Akakataa.

"Mimi sitasema. Utasema wewe, asubuhi."

Tukarudia list yote mpaka jioni. Tukakuta nyingine mbili mbovu, na moja ambayo kwa panya ina nakala mbili.

Asubuhi nikasema yote. Bosi akasimamisha order.

"Ungenyamaza, tungekuja kujua panya wameshafika. Kaa hapa, tupitie upya."

Miezi michache baadaye nikapewa mkataba. Nilipomshukuru Mama Zawadi alijibu tu, "Haya, kafanye kazi."

Nilichojifunza: anayekuonyesha kosa lako faraghani, halafu akakuachia ulikiri mwenyewe, amekupa heshima mara mbili. Mungu amtunze mama yule.

Na nyie wakuu, kazini nani aliwahi kukunyoosha bila kukuaibisha? Mtajeni hapa, hata kwa jina la utani.