Njia ya Matuta Nyuma ya Kanisa

Christine Habona wa Kilelengwani hakupenda kitu chochote kiwe nyuma yake. Tangu asubuhi ile watu wenye silaha walipoingia kijijini, wakati wa vita vya mashamba na malisho kati yao na wafugaji wa Kiorma, na mumewe Zakaria akauawa akipalilia mpunga, mama huyu alipika akiutazama mlango. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani. Shambani hakwenda bila wenzake.

Mwaka jana akina mama wa kanisa walikwenda Malindi kwa mafungo. Katika bustani ya masista palikuwa na njia iliyopangwa kwa mawe, ikizunguka na kujikunja mpaka katikati. Sista mwenyeji aliwaeleza kuwa mchoro huo ni wa kale kuliko Ukristo wenyewe. Wakristo wa zamani waliuchora kwenye sakafu za makanisa, na asiyeweza kwenda kuhiji aliutembea polepole akisali.

"Humu hupotei," alisema. "Njia ni moja tu. Unaingia nayo, unatoka nayo."

Christine aliingia. Kona ya kwanza ikamgeuza, akawapa watu wote mgongo. Jasho likamtoka. Akaruka mawe, akatoka mbio, na wenzake wakadhani ameumwa na nyuki.

Jambo hilo lilimkaa moyoni. Aliporudi nyumbani alimwomba katekista ruhusa atengeneze njia yake nyuma ya kanisa. Huku hakuna mawe, ni udongo mweusi mtupu. Basi alipigilia kigingi, akafunga kamba, akachora duara ndani ya duara, kisha kwa jembe akainua matuta madogo kama ya majaruba ya mpunga, akiacha nafasi pale njia inapojipinda. Majirani walipita mbali. "Christine anafuga majini," walinong'ona. Alisikia, akaendelea kulima.

Alijaribu kuitembea, akashindwa njiani, akajaribu tena. Mpaka alasiri moja, kijiji kizima kiko mashambani, alifika katikati. Akapiga magoti, akafumba macho.

Akasikia nyayo.

Mwanamume wa Kiorma, fimbo ndefu begani, alikuwa ndani ya njia, anaifuata. Christine alitaka kupiga ukunga, lakini hakukuwa na wa kumsikia. Matuta yalimfika kifundoni tu, angeweza kuyaruka, lakini miguu ilikufa ganzi. Na njia ile ilimtesa: ilimleta mtu yule karibu hata akasikia harufu ya moshi na maziwa nguoni mwake, kisha ikampeleka mbali, kisha ikamrudisha. Hakuwa na haraka. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

Alipofika aliishusha fimbo. Alikuwa mzee, macho mekundu kwa vumbi.

"Mama, hii njia inatokea wapi?"

"Haitokei." Christine aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Inaishia hapa. Halafu unarudi."

"Mimi ni Boru. Natafuta ndama. Nimekuona unazunguka, nikasema huyu kichwa yake imeharibika. Halafu nikaona unaomba Mungu." Akayatazama matuta. "Nani yako alikufa?"

"Mume wangu."

"Yangu ilikuwa kijana. Vita hiyo hiyo."

Huenda kijana huyo ndiye aliyemuua Zakaria, Christine aliwaza, na damu ikamwenda mbio. Mzee akasogea pembeni ampishe. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomkaba, maana kutoka kulikuwa kumpa mtu huyu mgongo, si mara moja, bali kila kona.

Alipita. Njia ilipomgeuza alimwona Boru pale pale, ameinamisha kichwa, viganja wazi kwa dua. Ilipomgeuza tena hakumwona, akangoja fimbo imshukie kisogoni. Haikushuka. Alipopita tuta la mwisho alikimbia hadi kwake, akatia komeo, akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Mafuriko ya masika yalisawazisha matuta yote. Majirani wengi walishukuru. Christine alichukua kamba na jembe akaanza upya, na akiwa bado kazini Boru akatokea na mkewe, Nuria. Walisimama mbali, kando ya migomba, wakingoja kuitwa. Christine aliwatazama kwa muda mrefu, jembe mkononi.

"Bado haijaisha," aliwaambia mwishowe. "Lakini karibuni."

Nuria alivua ndara, akaingia topeni kumsaidia kushindilia udongo. Christine alimwonyesha pa kuanzia, upande ambao angeweza kumwona.