Mkunga na Vifaranga vya Samaki

Asubuhi ya siku ya tano tangu mayai yaanguliwe, Bu Wuryani aliinama mbele ya tangi la kioo, akawasha tochi ya simu, akatafuta chochote kinachotikisika. Hakuna. Vifaranga mia mbili na ushei, kila mmoja mwembamba kama kope, walikuwa wametulia chini kama vumbi. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Wameenda tena?" aliuliza mumewe, Pak Sumarlan, huku akipuliza kahawa yake.

"Wote."

"Si uwape wali, Bu? Mimi nimekua kwa wali."

Bu Wuryani alizima tochi. Angefungua mdomo, lingetoka neno la kujutia.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji, nje kidogo ya mji wa Kediri, Indonesia, ambako Bu ni Mama na Pak ni Baba. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake. Alipostaafu, mikono ikamuwasha kwa kukosa kazi, akanunua samaki mpiganaji mmoja, dume la buluu kama wino, na jike lake. Kuzaa hakukuwa na taabu. Dume alijenga kiota cha povu chini ya jani la mti wa mkungu lililoelea majini, mayai yakaanguliwa, na siku ya tatu vifaranga wakaanza kuogelea. Taabu ilikuwa kuwalisha. Mdomo wa kifaranga hauzidi ncha ya sindano. Bu Wuryani alichemsha yai, akakamua kiini chake kwenye kitambaa, akanyunyiza tone moja moja. Hawakukila. Kiini kilizama, maji yakachacha, na vifaranga wakafa.

Habari ikafika kwenye toroli la mboga kabla yake. "Bu Mkunga," muuza mboga akamwambia mbele ya wanawake wenzake, "watoto wetu wote umewatoa salama, wa samaki ndio wanaokushinda?"

"Wa kwenu wananyonya," akamjibu. "Hawa watanyonya wapi, kwako?"

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka, alisahau hata mchicha alioufuata.

Akajikaza akaenda kwa Bagyo, kijana mfugaji wa samaki mwenye mabwawa ya saruji nyuma ya msikiti. Bagyo naye alizaliwa mikononi mwake.

"Yai lina wenyewe, Bu. Wewe mkono wako mzito," alisema. "Wanataka kitu kinachocheza. Loweka kabichi kavu kwenye gudulia la kioo, weka juani. Litanuka. Liache linuke. Maji yakishavurugika yakaanza kung'aa tena, humo mna vijidudu visivyoonekana. Ndio maziwa yao."

"Na hukuniambia tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza, Bu."

Safari ya nne akaanza na gudulia kwanza, ndipo akawakutanisha samaki. Siku sita akalisimamia kibarazani, akilinusa asubuhi na jioni na kukunja uso. Siku ya saba alilielekeza kwenye mwanga akaona vumbi dogo linatembea lenyewe. Siku hiyohiyo vifaranga walianza kuogelea. Alitabasamu peke yake.

Ilikuwa Ijumaa, na kisomo cha Yasini cha wanawake kilikuwa zamu ya nyumba yake. Wifi yake Kasminah alikuja mapema kusaidia kupika. Bu Wuryani alipotoka jikoni na sinia la ndizi za kukaanga, alilikuta gudulia limefunikwa kichwa chini juu ya ukuta, linameremeta.

"Kasminah! Maji yaliyokuwa humu yako wapi?"

"Yale yaliyooza? Nimemwaga mtaroni, dada. Nimelisugua na sabuni mara mbili. Wageni wanakuja, nyumba ya mkunga inuke hivyo?"

Bu Wuryani alifungua mdomo. Getini wageni wa kwanza walikuwa wanatoa salamu. Akaenda kuwapokea.

Akakaa mkekani, akafungua kitabu, akasoma na wenzake, lakini kila aya ilimpita, maana alikuwa akihesabu saa. Chakula ambacho vifaranga walizaliwa nacho tumboni kilikuwa kimekwisha. Wageni wakala, wakaongeza, wakasimulia. Alipomsindikiza wa mwisho, hakusubiri hata sinia lioshwe. Alichukua beseni na mtandio wa zamani, akamkokota mumewe hadi kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Akachota maji ya kijani, yenye vijidudu kama vile vya gudulia, akayachuja kwenye mtandio uliokunjwa mara nne. Pak Sumarlan alishika beseni bila kutania, maana aliuona uso wa mkewe.

Vifaranga sitini wakapona. Wiki ya pili walikuwa na matumbo mekundu kwa kula viroboto wa maji, wadudu wadogo wa mferejini, na Bu Wuryani akaanza kulala.

Kisha akapata mafua, akamtuma mumewe mferejini. Siku mbili baadaye akahesabu vifaranga ishirini na watatu. Kesho yake kumi na saba. Chini ya jani akaona buu la kereng'ende, nene, limembana kifaranga kwenye taya.

"Pak! Ulichuja na nini?"

"Na chujio la chai. Mtandio ulikuwa haujakauka."

Alilitoa lile buu kwa kijiko akalikanyaga. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Watu aliwazalisha gizani, mvua ikinyesha, taa zimezimika, na hakuwahi kulia.

Baada ya miezi mitatu walibaki kumi na wanne. Bagyo alikuja, akachuchumaa, akawatazama mmoja mmoja. Majike kumi, madume manne, wote rangi ya chai iliyomwagika.

"Hawa hawauziki, Bu. Buluu ya baba yao haikuwafikia."

"Nani kakwambia nauza?"

"Basi unawafuga wa nini?"

Bu Wuryani aliwatenga madume kila mmoja kwenye chupa yake, maana walikuwa wameanza kurarua mapezi ya wenzao. Alipomaliza alimgeukia Bagyo. "Nieleze vizuri habari ya rangi," alisema, "na safari hii usingoje niulize."