Homa ya kesho ya Zuhura

Jamani, leo nimeaibishwa na ubao wa gredi ya pili.

Zuhura wangu ndiye mwandishi wa ubao wa darasa. Kila asubuhi anaandika siku, hali ya hewa na habari za leo. Kachaguliwa yeye kati ya wote, na Kizingitini nzima wanajua kwa sababu nimewaambia.

Basi leo mwalimu wao kaniita. Nikavaa buibui jipya, nikijua nakwenda kusifiwa.

Akanionyesha ubao. "Mama Zuhura, hebu tusomee."

Siku: Jumatatu.
Hali ya hewa: jua.
Habari za leo: Kesho ni bamvua, maji yatatoka sana. Nitakwenda mwambani na mama kutafuta pweza. Mama amesema nitakuwa na homa.

Darasa zima wananitazama.

"Hiyo homa ya kesho," mwalimu akauliza, "mmeijuaje leo?"

Nikamgeukia mwanangu. Naye, bila wasiwasi: "Mwalimu kasema ubaoni tuandike ya kweli tu."

"Akikosa kuja shule kesho," mwalimu akasema, "ubao nampa mwingine."

Nikamwambia homa imeshapona.

Kwa hiyo kesho naenda mwambani peke yangu, kikapu nabeba mwenyewe, na mgongo huu unaniuma tangu mara ya mwisho. Nimechoka hata kabla sijaenda.

Lakini niwaulize, wenzangu. Mistari yote ile, na hakukosea hata herufi moja. Wa kwenu wa gredi ya pili anaweza?